Asilimia 100 ya nini? Mwongozo kamili wa kubakisha picha na klipu katika ukubwa wake halisi

Umepewa nembo ya duka yenye pikseli 400 kwa 400. Unaiingiza kwenye video ya 1920 kwa 1080, nayo inatanda kuanzia juu hadi chini ya skrini, kingo zake zina ukungu, na ukitazama mipangilio yake programu imekuandikia ukubwa ni asilimia 100. Mwenzako anaiingiza nembo hiyohiyo kwenye programu nyingine. Kwake inakaa katikati, ndogo, safi kama ilivyochorwa, na huko nako pameandikwa asilimia 100.

Programu zote mbili zinasema kweli. Moja inahesabu asilimia kwa kutumia fremu ya video kama kipimo, nyingine inahesabu kwa kutumia picha yenyewe. Sehemu kubwa ya malalamiko ya "picha yangu imevutika" au "imekatwa kichwa" inaanzia hapo. Basi, kabla hujagusa mpangilio wowote, jua programu yako iko upande gani. Kuijaribu ni rahisi: ingiza picha ndogo ambayo ukubwa wake unaujua. Ikijaza kimo chote cha fremu huku ikiandikwa 100, kipimo ni fremu. Ikibaki ndogo, kipimo ni picha.

Namba kwanza

Ukubwa halisi maana yake pikseli moja ya picha inakalia pikseli moja ya fremu, basi. Kwa hiyo unahitaji kujua vipimo vya picha na vipimo vya fremu, vyote kwa pikseli.

Kwenye Windows bofya kulia faili, chagua «Properties», kisha «Details». Kwenye Mac chagua faili ubonyeze Command pamoja na I. Kwenye simu yenye Google Photos, fungua picha na uitelezeshe kwenda juu. Kwa video, ifungue kwenye VLC ubonyeze Ctrl na J, utaona vipimo vyake na idadi ya fremu kwa sekunde.

Dpi, yaani idadi ya nukta kwa inchi, iache. Picha ya dpi 72 na ya dpi 300 zenye pikseli sawa zitaonekana sawa kabisa kwenye video, kwa kuwa namba hiyo ni ya wachapaji wa karatasi.

Jambo linaloharibu kazi zaidi kwetu huku ni njia ambayo picha imepitia kabla ya kukufikia. Mteja akikutumia nembo kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa njiani, na picha kubwa hupunguzwa mpaka upande wake mrefu unabaki karibu pikseli 1600. Ukiiweka kwenye ukubwa "halisi" unakuwa unahifadhi ukubwa wa nakala iliyokwisha kupunguzwa. Kuivuta tena iwe kubwa ni kuongeza maji kwenye mchuzi: sufuria itajaa, ladha haitarudi. Mwambie aitume kama hati, yaani aguse alama ya kiambatisho achague faili badala ya picha. Ikibidi mkumbushe mara mbili. Wengi husema "nimetuma hivyo" hali hawajatuma hivyo.

Weka vipimo vya taimlaini kabla ya kuingiza chochote

Taimlaini ni ule ukanda unaopangia klipu zako. Amua ukubwa wa fremu ya mradi mapema: 1920 kwa 1080 (kwa kifupi 1080) kwa video ya kulala, 1080 kwa 1920 kwa video ya kusimama, au 3840 kwa 2160 (yaani 4K) kama kompyuta yako inamudu. Baadhi ya programu hutaka fremu ifuate klipu ya kwanza. Premiere Pro, kwa mfano, itakuuliza kama ubadilishe mipangilio ili ilingane na klipu uliyoburuta. Kama tayari umeamua ukubwa, chagua «Keep existing settings». Ukikubali kubadilisha bila kusoma, mradi wako unaweza kugeuka wa 4K kwa sababu tu klipu ya kwanza ilirekodiwa kwa simu ya 4K, na nembo zote ulizokusudia zikae kwenye pembe zitaonekana zimenywea.

Hili lina maana ya pili. Kitu kilichowekwa katika ukubwa halisi hakifuati fremu. Ukipandisha mradi kutoka 1080 hadi 4K katikati ya kazi, nembo ya pikseli 400 inabaki na pikseli 400, ila sasa fremu imekuwa na upana mara mbili na kimo mara mbili, hivyo nembo itaonekana nusu ya ilivyokuwa. Hapo hakuna kilichoharibika.

Premiere Pro

Nenda «Edit», kisha «Preferences», kisha «Media» (kwenye Mac mipangilio hiyo iko chini ya menyu yenye jina la programu). Tafuta «Default Media Scaling», weka «None». Kuanzia hapo kila picha na klipu utakayoingiza itakuja na pikseli zake zote. Iliyo kubwa kuliko fremu itamwagika nje ya kingo, iliyo ndogo itaachiwa weusi pembeni.

Mpangilio huu haugusi vitu ulivyokwisha kuingiza. Kwa hivyo, vichague kwenye taimlaini, bofya kulia, utazame kama «Scale to Frame Size» ina alama ya tiki. Ikiwa nayo, iondoe. Kisha fungua «Effect Controls», chini ya «Motion» hakikisha «Scale» inasoma 100. Kama ni klipu nyingi, rekebisha moja, inakili, chagua zilizobaki, bonyeza Ctrl, Alt na V, uzibandikie sifa za «Motion» peke yake.

Hapa pana mtego unaostahili kueleweka vizuri. Premiere ina njia mbili za kuifanya picha itoshee kwenye fremu, na kwa macho zinafanana. «Scale to Frame Size» inaibana picha mpaka saizi ya fremu, halafu inaichukulia hiyo iliyobanwa kama ndiyo picha. «Scale» inaendelea kuandika 100. Ukivuta karibu uso wa bibi harusi baadaye, unavuta ile iliyokwisha kubanwa, ukungu unakuja upesi. Njia ya pili, ambayo matoleo ya zamani yaliiita «Set to Frame Size» na mapya yanaiita «Fit to Frame», inabadilisha tu namba ya «Scale». Picha ya 4000 kwa 3000 kwenye fremu ya 1080 itaandikwa 36, na pikseli zote zipo zinangoja. Ukitaka ukubwa halisi unaandika 100, mambo yamekwisha. Kwa maoni yangu ile ya kwanza haina kazi kwa mhariri wa kawaida, isipokuwa kompyuta ni dhaifu na picha ni kubwa mno.

DaVinci Resolve

Resolve kwa kawaida huanza na kutoshea: kitu chochote kisicholingana na fremu hupunguzwa au kukuzwa mpaka kionekane kizima. Bonyeza Shift na 9 ufungue mipangilio ya mradi, ingia «Image Scaling», na chini ya «Input Scaling» tafuta «Mismatched resolution files». Chagua «Center crop with no resizing». Jina linatisha kidogo kwa kuwa linataja kukata, lakini hakuna kinachotupwa. Sehemu iliyo nje ya fremu ipo, ukiisogeza picha inaingia.

Badiliko hili ni la mradi mzima, na hapo ndipo watu wanaposhtuka: klipu zote za 4K zilizokuwa zimekaa vizuri kwenye taimlaini ya 1080 zinaruka karibu, zikionyesha robo ya kati tu ya kile kilichorekodiwa. Kama kazi yako ni klipu nyingi za 4K na nembo chache, usiguse mradi mzima. Chagua nembo peke yake, fungua «Inspector», shuka hadi «Retime and Scaling», na kwenye «Scaling» weka «Crop». Unaweza kuchagua vitu ishirini kwa pamoja na kuviwekea mara moja. «Zoom» ikiwa 1.000 hapo, ndiyo pikseli kwa pikseli.

Uzuri wa Resolve ni kwamba hata klipu iliyotoshezwa haijapoteza chochote. Ukiwa na klipu ya 3840 kwa 2160 kwenye fremu ya 1920 kwa 1080 na ukaweka «Zoom» 2.000, umefika kwenye ukubwa wake halisi bila kubadilisha mpangilio wowote. Ukipita hapo ndipo unaanza kukuza.

Zilizobaki, kwa ufupi

Final Cut Pro: chagua klipu, nenda kwenye ukaguzi wa video, «Spatial Conform», uweke «None».

OpenShot: bofya kulia klipu, fungua sifa zake, kwenye «Scale» badilisha «Best Fit» iwe «None».

Kdenlive: ongeza efekti ya «Transform», ina kitufe cha kurudisha ukubwa wa asili, bofya mara moja.

Shotcut: ongeza kichujio cha «Size, Position & Rotate», uandike vipimo halisi vya picha kwenye visanduku vya ukubwa. Kinachukua pikseli moja kwa moja, hakuna asilimia ya kubishana nayo. Binafsi naona ndiyo njia iliyo wazi kuliko zote.

CapCut, na programu zinazopima kwa fremu

Kwenye CapCut, 100 maana yake picha imetoshea fremu. Hakuna swichi ya ukubwa halisi, kwa hiyo unapiga hesabu.

Gawanya upana wa fremu kwa upana wa picha. Gawanya kimo cha fremu kwa kimo cha picha. Chukua jibu lililo dogo, kisha gawanya 100 kwa jibu hilo. Kwa nembo yetu: 1920 kwa 400 ni 4.8, na 1080 kwa 400 ni 2.7. Dogo ni 2.7. 100 kwa 2.7 ni 37.04. Andika 37. Kwa picha ya simu ya 4000 kwa 3000 unapata 0.48 na 0.36, na 100 kwa 0.36 ni karibu 278, yaani itabidi uikuze mpaka imwagike nje ya fremu ili uone pikseli zake halisi.

Lakini 37 si 37.04. Ukiandika 37, nembo inakuwa na pikseli 399.6, na hakuna skrini inayoweza kuonyesha sehemu ya pikseli, hivyo programu inakisia rangi za katikati na kingo zinalegea kidogo. Kwa picha ya mtu hutaona. Kwa nembo yenye mistari myembamba au maandishi madogo, utaona.

Dawa yake inafanya kazi kwenye kila programu, ya simu na ya kompyuta: tengeneza picha yenye ukubwa wa fremu. Fungua GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo ni bure, anza picha mpya ya 1920 kwa 1080, na kwenye chaguo za ziada ijaze uwazi («Transparency») badala ya rangi. Ingiza nembo kama tabaka kwa Ctrl, Alt na O. Isogeze pembe unayoitaka, uache nafasi ya pikseli 60 hivi kutoka kwenye kingo. Itoe kama PNG, kwa sababu JPEG haijui uwazi na itakuletea mandhari nyeupe. Faili hiyo ukiiweka juu ya video, kutoshea fremu na ukubwa halisi ni kitu kimoja. Nembo haitavutika, wala haitahama mahali kutoka video moja hadi nyingine. Kwa anayetoa matangazo ya duka moja kila wiki, hii ndiyo njia ya kutumia, na hesabu ya hapo juu uiache kwa dharura.

Picha za skrini: hapa ndipo ukubwa halisi unalipa

Tuseme unatengeneza video fupi ya kumwelekeza mtu jinsi ya kulipa bili kwa simu. Picha za skrini za simu nyingi za sasa ni 1080 kwa 2400, na video yako ni ya kusimama, 1080 kwa 1920. Ukiacha programu itosheze, kila picha inapungua hadi asilimia 80, yaani 864 kwa 1920, na yale maandishi madogo ya makato na namba za kumbukumbu yanaanza kuungana.

Iweke katika ukubwa halisi. Upana unalingana sawasawa, 1080 kwa 1080, na kimo kinazidi kwa pikseli 480. Ziada hiyo itumie: ifanye picha ipande taratibu kama mtu anavyoteleza kidole. Kwenye Premiere, namba ya pili ya «Position» huonyesha kitovu cha picha kiko wapi kwenda chini. Ukitaka kuanza na sehemu ya juu ya picha, weka 1200. Ukitaka kuishia sehemu ya chini, weka 720. Bandika alama ya mwendo («keyframe») mwanzoni na nyingine mwishoni.

Muda wa mwendo nao una hesabu yake. Video ya fremu 30 kwa sekunde, mwendo wa sekunde 4, ni fremu 120. Pikseli 480 kwa fremu 120 ni pikseli 4 kamili kila fremu, na maandishi yanabaki makali yakiwa yanatembea. Ukiweka sekunde 5 unapata 3.2 kwa fremu, na herufi zinaanza kutetemeka. Kanuni hii inafanya kazi pale tu mwendo ukiwa wa kasi moja. Ukiongeza kulainisha mwanzo na mwisho, hesabu inavunjika, ila mwendo unapendeza zaidi. Kwa maandishi mimi nachagua ukali.

Pikseli nusu hujitokeza hata kwa picha isiyotembea. Picha yenye upana wa 401 ukiiweka katikati ya fremu ya 1920, inabaki 1519 ya kugawa pande mbili: 759.5 kila upande. Ndiyo maana picha iliyo kwenye asilimia 100 kamili inaweza bado kuonekana imelegea. Isogeze nusu pikseli, au ikate ibaki na upana wa namba shufwa.

Kanda za zamani

Ukihariri harusi ya zamani iliyohamishwa kutoka kwenye kanda, utakutana na 720 kwa 576. Huo ni ukubwa wa PAL, mfumo uliotumika Tanzania, Kenya na Uganda, fremu 25 kwa sekunde. Pikseli zake si za mraba. Kila moja ni pana kidogo kuliko kimo chake, na picha ya 4:3 ikionyeshwa sawasawa inakuwa kama 768 kwa 576. Programu ikizichukulia kama mraba, watu wote wanakuwa wembamba na warefu, na hakuna asilimia ya ukubwa itakayowarekebisha. Kwenye Premiere bofya kulia klipu, «Modify», kisha «Interpret Footage», uchague pikseli za PAL kwenye sehemu ya umbo la pikseli.

Halafu kuna mistari. Kanda hizo hurekodi kila fremu kwa mafungu mawili ya mistari, ya witiri na ya shufwa. Kukuza au kupunguza kimo kabla ya kuyaunganisha mafungu hayo huleta meno ya kitana kwenye kila kinachotembea. Unganisha mafungu kwanza (kazi hiyo huitwa «deinterlace»), ukubwa baadaye. Ukiamua kuiacha katika ukubwa halisi, itachukua asilimia 40 ya upana wa fremu ya 1920. Si vibaya. Kipande kidogo chenye ukali juu ya mandhari tulivu kinapendeza kuliko ile nakala yenye ukungu iliyopanuliwa nyuma yake ambayo kila mtu anaitumia siku hizi. Kama lazima ijaze kimo, ni asilimia 187.5, weusi pembeni uuache ulivyo.

Hakikisha, usikisie

Dirisha la kutazamia hudanganya. Likiwa kwenye «Fit», unaona video nzima iliyopunguzwa ili itoshe dirishani, kwa hiyo huwezi kupima ukali wa chochote. Liweke kwenye asilimia 100. Pia rudisha ubora wa uchezaji kuwa kamili, kwa kuwa wengi wetu tunauweka nusu au robo ili kompyuta isikwame, kisha tunalaumu picha.

Ukitaka uhakika kamili, tengeneza kwenye GIMP picha ndogo ya mistari myeusi na myeupe yenye unene wa pikseli moja moja, uiingize na uitazame. Ukiona mistari safi, uko pikseli kwa pikseli. Ukiona kijivu au mawimbi, kuna mahali picha imekuzwa au imepunguzwa.

Wakati wa kutoa video, vipimo vya kutolea viwe sawa na vya taimlaini. Mradi wa 1080 ukiutoa kwa 720, kila ulichokipanga kinapunguzwa kwa pamoja. Na kama nembo ni nyekundu na bado kingo zake zinaonekana zimechovya rangi baada ya kutoa, usirudi kuhangaika na asilimia. Video za kawaida za H.264 huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi huhifadhi moja tu kwa kila kundi la pikseli nne, na nyekundu juu ya mandhari ya rangi ndiyo inayoumia zaidi. Izungushie nembo mstari mweupe au mweusi, au itoe video kwa 4K hata kama taimlaini ni ya 1080. Hapo unaivunja kwa makusudi kanuni ya vipimo kulingana: kila pikseli ya taimlaini inakuwa nne, hivyo kila pikseli ya asili inapata rangi yake, na YouTube nayo huipa video ya 4K nafasi kubwa zaidi ya data inapoibana upya.